Mafuta ya Kondoo kwa Safari ya Ufini

Kabla sijajua Ufini iko upande gani wa dunia, nilitakiwa kupeleka choo changu hospitali. Barua ya wafadhili ilikuwa na kurasa nne, na ukurasa wa mwisho ulikuwa fomu ya afya: damu, mkojo, choo kikubwa, picha ya kifua. Basi asubuhi moja nikajikuta kwenye foleni ya maabara na kisanduku cha kiberiti mkononi, kimezungushiwa karatasi ya daftari na kufungwa uzi. Karibu kila mtu kwenye foleni ile alikuwa na kiberiti chake. Hatukutazamana. Jua lilikuwa limeshapanda, na kadiri tulivyosubiri ndivyo viberiti vilivyozidi kutangaza vilichobeba.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, fundi wa maabara katika kituo cha mbegu za miti pale Morogoro. Kazi yangu ilikuwa kuotesha mbegu kwenye visahani, kuhesabu zilizoota na zilizooza, na kuandika. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ambayo nilipokuwa shuleni yalikuwa na chumvi na majani ya chai tu sasa yalijaa sabuni za rangi zote, maziwa ya kopo na nguo za Wazungu zilizovaliwa zikachoka. Wageni nao walikuwa wameingia kwa wingi, na kila ofisi ilikuwa na mfadhili wake. Wa kwetu walitoka Ufini. Wakasema mmoja wetu aende kwao miezi minne akajifunze kukausha na kuhifadhi mbegu. Mkuu wa kituo alinichagua mimi kwa sababu sikuwa nimeolewa na mwandiko wangu ulisomeka. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu ndiyo niliyoisoma ile fomu.

Mtu wa maabara ya hospitali alinifahamu, maana alikuwa akija kituoni kwetu kuazima vioo vya hadubini. Afadhali asingenifahamu. Alitoka mlangoni na rundo la majibu, akawa anaita watu mmoja mmoja, na alipofika kwangu hakuita jina. Alisema, "Yule dada wa safari ya Ulaya." Benchi zima likageuka. Kisha, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani, akanieleza kwamba nina minyoo ya mviringo na safura kidogo, kwamba Wazungu hawatanipokea hivyo, niende dirisha la dawa na baada ya wiki mbili nirudi na choo kingine. Mama mmoja aliyempakata mtoto akacheka, bila ubaya, akasema kumbe hata wa Ulaya wana minyoo kama sisi.

Nilikunywa zile dawa, na kesho yake nikawaona minyoo wangu chooni. Walikuwa watatu, weupe kama tambi zilizochemka kupita kiasi, na mmoja alikuwa bado anajinyonganyonga polepole. Niliwatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sijui nilikuwa nawalisha tangu lini. Wali wangu, maharage yangu, mapapai niliyokata kwa mkono wangu, vyote tulikuwa tukila pamoja. Tangu siku hiyo nilianza kunawa mikono mpaka ngozi ikapauka. Chakula kikifika mbele yangu nilikigeuza kwanza upande huu na upande ule, na mara nyingi nilikiacha. Nilikuwa nimezoea kuona mbegu zilizooza ndani huku ganda la nje ni zima, linang'aa. Sasa nikawa najiona hivyohivyo.

Fomu yangu ilipita mezani kwa mkuu wa kituo, na kutoka hapo ikamfikia mke wake. Huyo sisi wote tulimwita Madam. Aliwahi kukaa Ulaya miaka miwili mumewe alipokuwa masomoni, na ukimsikiliza ungedhani alirudi jana jioni. Aliniita nyumbani kwake Jumamosi. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia huku akinitazama miguuni, akaniambia nivue viatu, akaniambia na miguu niioshe kwenye bomba la nje kabla sijakanyaga zulia. Nilipokwisha kuketi akasema amesikia habari ya minyoo.

"Usijali, binti. Tutakusafisha," alisema. "Wewe sasa ni mwali wangu. Nakufunda mimi."

Neno lile lilinikwaruza. Kwetu Uluguru mimi nilikuwa mwali kweli, nilipovunja ungo. Nilikaa ndani miezi miwili, mama na bibi wakanifunda na kunipaka mafuta, kisha nikatolewa kwa ngoma. Sikuona mke wa bosi alikuwa na haki gani na neno hilo. Lakini nilisema, "Ndiyo, Madam."

Nilikwenda kwake Jumamosi tatu. Alininusa. Sisemi kwa mafumbo. Aliniambia niinue mikono, akasogeza pua kwenye kwapa langu kama mtu anayepima samaki sokoni, akarudi nyuma na kutikisa kichwa. Alisema sisi hatujisikii kwa sababu tunaishi ndani ya harufu yetu. Alinipa kichupa cha dawa ya kwapani chenye kigololi mdomoni, alichokuwa anakitumia yeye, na kigololi chake kilikuwa na unywele umeganda. Nilipaka. Alinikagua kucha, meno, nyuma ya masikio. Alinikataza kunyonya mifupa, kucheua, kupenga, kumshika mtu mkono muda mrefu nikimsalimu, na kumuuliza mtu habari za nyumbani kwake. Kila katazo alilifuatisha na mfano wa mtu fulani wa kwetu aliyeaibisha nchi huko nje, na mfano huo ulikuwa mara zote wa chooni au wa mezani.

Jumamosi ya pili alitoa kwenye friji chupa ya kioo yenye vipande vya samaki wabichi waliolowekwa kwenye siki na sukari. Mgeni mmoja wa Ufini alikuwa ameiacha miezi mingi nyuma. Maji yake yalikuwa na ukungu, na vipande vilikuwa na ngozi yake ya fedha bado. Alisema huko nitapewa samaki hao asubuhi na jioni, kwa hiyo nianze kuzoea. Akanikatia kipande kwa uma. Kililala mdomoni mwangu kama ulimi wa pili, baridi, kitamu cha sukari juu na uozo chini yake. Madam alikuwa ananitazama usoni kuona kama nitakunja pua. Nikameza. Nikasikia kinateremka, kinasimama kifuani, kinateremka tena. Kisha akakiweka kile kisahani chini, na kijibwa chake cheupe chenye tongotongo kikaja kukilamba mpaka kikang'aa, naye akakiokota na kukiweka kabatini pamoja na vingine. Aliniambia huko mbwa ni kama mtoto.

"Safi sana," alisema. "Umekula kama mtu wa hukohuko."

Mpaka leo nikikumbuka siku ile, kinachonichefua si samaki wala mbwa. Ni kwamba aliposema safi sana, mimi nilifurahi. Nilitembea kurudi Bigwa, nilikopanga chumba, na njia nzima nilikuwa nalisikia neno lile. Nilipofika nikatapika nyuma ya nyumba, nikasukutua, bado nimefurahi.

Koti nililitafuta mwenyewe. Madam hakanyagi mitumbani, ingawa magauni yake yote yalitoka hukohuko. Alikuwa na mtu wa kumletea. Nilikwenda Jumapili baada ya misa. Robota lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa, na wanawake walikuwa wameinama juu yake mpaka viwiliwili vimezama, wanavuta na kunyang'anyana, na kutoka katikati ya lundo ulipanda mvuke wa jasho la watu waliokuwa mbali sana, labda wengine wamekwisha kufa. Nililipata koti refu la kijivu la sufu, zito kama mtoto. Kwenye ukosi kulikuwa na nywele mbili za njano. Nilipotia mkono mfukoni nikashika kitu kikavu, nikakitoa: kilikuwa kitambaa cha pua, kimekunjwa, kimegandana kwa makamasi ya zamani mpaka kikawa kigumu kama kipande cha muhogo mkavu.

Muuzaji alikitazama, akanitazama. "Alikuwa na mafua tu, dada," alisema, akakitupa chini ya meza. Nikanunua.

Sikuweza kulivaa hivyo. Nililiweka kwenye debe juu ya mafiga, nikamimina maji, nikatia sabuni ya unga, nikalichemsha mchana kutwa kama tunavyochemsha shuka za mgonjwa. Maji yalitoka na rangi ya chai iliyolala, na juu yake povu lenye mafuta. Niliyamwaga na kuchemsha tena. Nilipolianika, lilikuwa limejikunyata. Mikono inafika chini kidogo ya viwiko, na sufu imekuwa ngumu kama busati. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba sufu haichemshwi. Nilikaa chini nikilitazama linavyochuruzika, na nikawaza kwamba nimechemsha uchafu wa mtu nisiyemjua na sasa sina hata koti.

Nilipomweleza Madam alicheka sana, akawasimulia rafiki zake wawili nikiwa nimesimama palepale. Kisha akaniahidi koti lake la zamani.

Mama alikuja Jumanne ya wiki ya safari, choo changu cha pili kikiwa kimeshapita maabara. Aliteremka na lori la mboga kutoka Mgeta, ameketi juu ya magunia ya kabichi, na alipofika chumbani kwangu nguo zake zilikuwa na unyevu na harufu ya majani yaliyopondeka. Baba alikuwa amekufa siku nyingi, na mama aliishi peke yake juu kule kwenye matuta yake ya njegere, mahali ambapo mwezi wa saba pumzi ya mtu inaonekana. Alileta ndizi za kupika, kikapu cha njegere, fulana nzito ya kufuma aliyokuwa akivaa mwenyewe, na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa plastiki na kamba ya mgomba. Ndani ya kopo kulikuwa na mafuta ya kondoo aliyoyayeyusha na mizizi.

"Watu wa hapa mjini watakwambia mengi kuhusu baridi," alisema. "Baridi naijua mimi. Paka kifuani na nyayoni kila asubuhi."

Nilifungua. Harufu ilinipiga. Yalikuwa mafuta yaleyale niliyopakwa nilipokuwa mwali, na nilipokuwa mtoto mwenye kikohozi, na sikuwahi hata siku moja kuyaona yananuka. Sasa yalinuka zizi, yalinuka nyama iliyosahaulika. Nilifunga kopo haraka na kusema ahsante.

Siku ile nzima nilimtazama mama kwa macho niliyopewa Jumamosi tatu. Nyayo zake zilikuwa na mipasuko yenye udongo ambao hakuna maji yangeutoa. Aliweka ugoro ndani ya mdomo wa chini, akatema kwenye kikopo, akakiweka kikopo karibu na sahani. Alipenga kwa vidole na kujifuta kwenye nguzo ya mlango. Alipokuwa anakula alinichambulia kipande cha samaki mkavu kwa vidole vyake na kuniwekea upande wangu wa sahani, kama alivyokuwa akifanya siku zote, na mimi nikakiacha hapo mpaka kikapoa. Aliniuliza kama naumwa. Nilisema tumbo. Jioni aliniambia nivue blauzi, akanikanda mgongo kwa yale mafuta, kwa viganja vyake vigumu, taratibu, akinieleza habari za majirani na bei ya kabichi. Nilikuwa nahesabu moyoni amalize. Aliporidhika akalala kitandani kwangu, nami nikaenda kwenye bafu la uani kujisugua kwa sabuni mara tatu.

Jumatano mchana Madam angekuja kwa gari kuniletea koti na kukagua sanduku. Asubuhi nilifagia, nikafungua dirisha, nikapuliza marashi. Bado harufu ilikuwapo. Nikamwambia mama kwamba kuna mgeni wa ofisini anakuja, chumba ni kidogo, je, si vizuri akae nje kidogo mpaka mgeni aondoke?

Aliniuliza, "Nisimsalimu?"

Nilisema ana haraka, huyo mgeni. Mama alichukua ndizi zake na kisu, akatafuta gogo uani, karibu na choo kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli, akaanza kumenya.

Madam aliingia, akasimama katikati ya chumba na kuvuta pua. "Kuna mzoga humu?" aliuliza. Nilisema labda panya. Aliinama kwenye sanduku langu lililokuwa wazi kitandani, akapekua kwa ncha za vidole, akaitoa ile fulana na kuiangusha sakafuni, kisha akafikia kopo. Alilifungua. Alirudisha kichwa nyuma, akaweka leso puani, akasema ikiwa nataka wanirudishe kutoka uwanja wa ndege nibebe takataka hii. Kisha akatazama nje kupitia dirishani.

"Na yule bibi ni nani?"

Nimeshalirudia jibu langu kichwani miaka yote hii, na bado lina ladha yake. Nilisema, "Ni mtu wa kijijini tu. Amefikia kwa jirani."

"Basi ndiye anayenuka," alisema Madam. "Katupe hiki."

Nililichukua kopo. Njia ya kwenda chooni ilipita mbele ya gogo alilokaa mama. Alikuwa ameinua kichwa, na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo nilijua amesikia. Nilipita. Niliingia chooni, nikalitumbukiza kopo kwenye tundu, nikasikia linavyoangukia kwenye uchafu kule chini. Nzi wakapanda. Nilisimama humo ndani kwenye ile harufu, sikutaka kutoka, maana kutoka kulikuwa na njia moja tu.

Madam alinipa koti, akanikumbusha chakula cha mchana cha Ijumaa nyumbani kwake, ambapo mgeni mkubwa wa Ufini angekuja kuniona kabla sijaondoka Jumamosi, akaenda zake. Mama alimaliza kumenya. Alizipika zile ndizi na njegere, akapakua, akanawa mikono kwa sabuni, jambo ambalo nililiona. Tulikula. Mara moja tu alizungumza.

"Mtu wa kijijini si uongo," alisema.

Kesho yake aliokota fulana yake, akaikunja, akasema lori linarudi mlimani saa nne na njegere haziwezi kungoja. Nilimsindikiza. Kwenye lori hakuniambia nikae salama wala nifike salama. Alimsalimu dereva, akapanda, akageukia mbele.

Siku hiyo sikula chochote, na sababu haikuwa minyoo. Nilijinusa. Nilikuwa nanukia marashi na dawa ya kwapani ya mtu mwingine, na nilipovaa koti la Madam kulijaribu, harufu yake ikanifunika kabisa, tamu, nzito, na chini yake ile ya mbwa. Nilijiona kwenye kioo cha ukutani, nimesimama wima, shingo imenyooka kama nilivyofundishwa. Nilijichukia kwa namna ambayo sikuwa nimewachukia hata wale minyoo watatu weupe chooni.

Ijumaa asubuhi nilipaswa kwenda saluni. Badala yake nilikwenda sokoni yanakoshusha mizigo malori ya mboga, nikapata moja linalorudi tupu, nikapanda. Chakula cha mchana cha mgeni nilikiacha. Sikumwambia mtu. Barabara ya kupanda kule wakati wa mvua inateleza, na mara mbili tulishuka kusukuma. Nilifika kijijini alasiri nikiwa na tope mpaka magotini.

Mama alikuwa shambani. Alinitazama nikipanda matuta mpaka nikafika, na hakuacha kupalilia. Nilipiga magoti kwenye udongo, nikasema nimekosa. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani, lakini hayo mawili tu ndiyo yaliyotoka. Alipalilia mpaka mwisho wa tuta. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Kusema mimi si mama yako, nimesikia. Mtu akiogopa husema lolote. Lakini ulivyolishika lile kopo. Vidole viwili, umelisogeza mbali na mwili. Mbele yangu."

Nililia. Yeye hakulia. Alinipa jembe lingine, tukapalilia pamoja mpaka ukungu ukashuka na tukawa hatuonani vizuri. Nyumbani alipika, tukala sahani moja, na kila nilichopewa nilikula. Nilimuuliza kama amenisamehe. Alisema hawezi kuniambia yamekwisha, kwa sababu bado hayajakwisha, na hataki kumdanganya mtu anayepanda ndege kesho. Alisema niende, nijifunze kilichonipeleka, na kwamba wakinipa chakula chao nisiwakunjie pua, kwa kuwa kwao pia kuna mtu aliyekipika.

Nilishuka alfajiri na lori lililojaa karoti. Mkuu wa kituo alikuwa ameshaanza kunitafuta. Nilichukua sanduku na koti chumbani, nikaenda kwao, nikamkuta Madam mlangoni, uso umevimba kwa hasira. Mgeni alikuwa amekuja, amekula, amenisubiri, amekwenda, na yeye amebaki bila cha kumwonyesha. Alinitazama tope la miguuni. Alisema nanuka shamba. Nilimwambia yule bibi aliyemwona uani kwangu ni mama yangu mzazi, na kwamba nimetoka kwake. Alinikagua tu usoni kama mtu aliyeuziwa bidhaa mbovu, kisha akamwambia mumewe wakati unakwenda. Nilimrudishia koti lake. Nilisafiri na sweta mbili za mtumba na shuka la Kimasai.

Ufini nilikaa miezi minne. Nilijifunza kukausha mbegu, na samaki wale wakiwa wapya ni watamu. Nilikuwa nawala kwa hamu. Baridi ilikuwa kali lakini watu walinipa makoti bila kuninusa. Kila Jumapili nilimwandikia mama, na mwalimu wa shule ya kijijini alikuwa akimsomea na kumwandikia majibu. Majibu yalikuwa ya njegere, mvua na salamu za ukoo.

Niliporudi nilipanda mlimani siku ya pili tu. Alifurahi, nililiona hilo; alinishika mabega, akanizungusha, akasema nimenenepa. Aliwaita majirani. Kisha akaniletea kigoda, na kabla sijakaa akakitandikia khanga yake safi. Akaleta kikombe cha chai. Akakifuta kwa upindo wa nguo, akakitazama kwenye mwanga, akakifuta tena, ndipo akanipa.

Nilimwambia asifanye hivyo, mimi si mgeni. Alisema sawa. Lakini aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila nilipokwenda khanga ilitandikwa na kikombe kikafutwa mara mbili, na kikopo cha ugoro kikapelekwa nyuma ya nyumba. Nilimwomba aache, nilimkasirikia, wakati mwingine nilimnyang'anya kikombe mkononi kabla hajakifuta. Alicheka, akaniomba nimvumilie.

"Nimezoea," alisema.